Mwaka Nilioshindwa Kushika Sindano

Ugonjwa wangu ulianzia tumboni, au ndivyo nilivyodhani. Nilipima malaria mara nne, taifodi mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja, na kila karatasi ya maabara ilirudi ikisema sina kitu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje ya maabara nikiwaza kwamba sampuli zimechanganywa, kwamba majibu yangu mabaya amepewa mtu mwingine, na sasa mtu huyo yuko kwake anameza dawa zangu.

Naandika kwa sababu ya wanafunzi wa mifugo waliokuja kufanya mazoezi ya kazi dukani kwetu msimu huu. Katika maongezi niliteleza nikasema mwaka jana nilikuwa naumwa. Wakauliza nini. Nikasema sonona. Wote wakaangalia rafu za dawa. Baadaye mmoja akanifuata nyuma ya duka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Riziki, ilianzaje?" Nilimjibu hovyo hovyo, kwamba ni uchovu. Hakuridhika, na mimi sikuridhika. Hili ndilo jibu ambalo ningempa kama ningekuwa na ujasiri na muda.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Mama yangu anauza mawese nyumbani kwetu Rusimbi, na baba anafanya biashara Kalemie, ng'ambo ya ziwa, anakuja akipata nafasi. Nilipomaliza shahada ya tiba ya wanyama nilingoja ajira mpaka nikachoka, kisha nikachukuliwa na Dokta Sudi, mwenye duka la dawa za mifugo Mwandiga. Yeye alibaki dukani, mimi nikapewa pikipiki, begi na vijiji. Mzee mmoja alipiga simu dukani akasema, "Leteni yule bwana mifugo mwanamke," na jina hilo likanikaa. Nililipenda.

Kuna jambo moja kuhusu kazi hii ambalo chuoni tulifundishwa kwa nusu saa, nami nimeliishi kila siku. Mtu anapokuita kwa sababu ng'ombe wake au mbuzi wake anaumwa sana, mara nyingi kisu kimeshanolewa. Kipo nyuma ya mlango, na jirani anayejua kuchinja amekaa kwenye kigoda anakusubiri umalize kupima. Mwenye mfugo anakuuliza, "Atapona?" Maana yake ni, tuchinje sasa angali hai, nyama iliwe, au tukuachie wewe umtibu? Ukimchoma sindano ya antibayotiki, nyama yake haifai kuliwa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukichoma na akafa, umemnyima mwenyewe mnyama, na nyama pia umemnyima. Na ukisema chinjeni, hutajua kamwe kama angepona. Unatakiwa kuamua umesimama zizini, watu wanane wanakuangalia mdomoni.

Ng'ombe wa kwanza kunilemea aliitwa Gaju. Alikuwa wa Mama Bukuru, mjane wa Kidahwe, ng'ombe mwekundu mwenye ndama mdogo. Alikuwa na homa kali na matezi yamevimba chini ya masikio, ndigana ya kupe, ya wazi kabisa. Mama Bukuru alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usinifiche. Nimwite wa kisu?"

Nikasema, "Atapona, Mama."

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimeona walio hoi kuliko yeye wakipona. Nilimchoma, nikarudi siku ya pili nikamchoma tena, na siku ya tatu asubuhi nikapigiwa simu. Tulichimba shimo, tukamwagia mafuta ya taa na majivu ili mtu asije kumfukua. Majirani walinung'unika kwa Kiha na mimi Kiha changu ni cha kusalimia, lakini neno nyama nilielewa. Mama Bukuru hakunung'unika. Aliniletea maji ya kunawa, akasubiri nimalize, akaniambia nisiendeshe pikipiki haraka kwenye kona. Nilitamani anitukane.

Baada ya hapo nilianza kusema, chinjeni. Sikuona mabadiliko, nilijiambia kwamba nimekuwa mwangalifu. Kondoo mwenye kikohozi, chinjeni. Ndama aliyelala chini, chinjeni. Watu hawakulalamika, walikuwa wanakula. Dokta Sudi ndiye aliyegundua, kwa sababu dawa hazikuwa zinaisha. "Riziki," alisema, "siku hizi wewe ni daktari au bucha?" Alicheka. Na mimi nilicheka.

Halafu akaja mbuzi wa Mama Tatu.

Mama Tatu na mumewe, Mzee Hamisi, wanakaa Mwandiga, si mbali na duka. Nilimkuta mbuzi wao jike amevimba upande wa kushoto kama ngoma, anahema. Mzee Hamisi alikuwa ameshasimama na kisu. Mama Tatu alisema, nakumbuka vizuri sana alivyosema, "Huyu ameiba pumba huyu, nilikuta ndoo imelala." Nilimsikia. Lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza safari yangu: utumbo umejisokota, au kuna kitu kimeziba, au ni sumu, hapana, sumu angekuwa anatoa povu, au labda bado. Nilifikiria magonjwa sita na pumba haikuwemo. Nikasema, "Mchinjeni, hatafika jioni."

Wakamchinja. Mimi ndiye niliyekagua. Utumbo ulikuwa umenyooka, ini safi, mapafu safi, na tumbo limejaa pumba iliyochachuka na gesi. Kikombe cha mafuta ya kula na kusuguliwa ubavu vingetosha. Mafuta yenyewe yamejaa nyumbani kwetu kwa madumu. Nilipoendelea nikakuta ana mimba, watoto wawili, wadogo kama panya. Niliutoa mfuko wa uzazi haraka, nikautupa shimoni mwenyewe, nikafukia kwa mguu.

Mzee Hamisi akauliza, "Vipi Dokta, ilikuwa nini?"

Nikasema, "Utumbo. Mmewahi."

Akamshukuru Mungu, na mimi akanishukuru. Huku kwetu aliyekagua hatoki mikono mitupu, kwa hiyo alinifungia ini lote kwenye mfuko. Nililibeba mpaka Rusimbi. Mama alilipika na mawese na vitunguu, nyumba nzima ikanukia. Nilitia kipande kimoja mdomoni na koo likafunga. Namaanisha lilifunga kama mlango. Tangu siku ile tumbo langu likaanza kuuma, na ndipo nikaanza safari za maabara.

Nisichoke kueleza mwili, kwa sababu ndio uliosema kabla yangu. Nilikonda mpaka saa ikawa inazunguka mkononi. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Nilikuwa naosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ya kati ya vidole ikapasuka, na Mama akadhani ni fangasi. Asubuhi niliamka nimechoka kama mtu aliyelima. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara ya Kidahwe ni tope, na kila nikivaa buti nilikaa kitandani na buti moja mguuni nikitafakari ya pili. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja, mbele ya watu, nilishindwa kuvuta dawa kwenye chupa. Sindano iligonga ukingo wa kizibo, tik tik tik, na mwenye ng'ombe akaniuliza kama nimefunga. Nikasema ndiyo. Haukuwa mwezi wa kufunga.

Nilirudi dukani nikaweka begi mezani, nikaenda nyumbani, na sikurudi.

Mama alipambana kwa njia anazozijua. Alimwita ustadhi akanisomea, nikanywa maji ya kisomo, na nitasema ukweli kwamba ile saa moja ya kusikiliza Qurani nikiwa nimelala kichwa mapajani mwa mama yangu ilikuwa saa nzuri kuliko zote za mwezi ule. Lakini mikono ilitetemeka vilevile. Baba akipiga simu kutoka Kalemie, Mama alimwambia ni malaria. Wiki ya tano nilimsikia akiwa uani, "Ndiyo, malaria. Malaria sugu." Kisha akaingia ndani akanigeukia.

"Nilikwambia usomee watu. Ukasomea ng'ombe. Sasa ng'ombe wamekuroga."

"Mama, ng'ombe hawarogi."

"Basi ni nini? Niambie, Riziki, nimwambie baba yako nini? Mtu analia kwa sababu ya mbuzi? Mbuzi wa watu?"

Sikuwa nimemwambia yeyote habari ya yule mbuzi. Kumbe nilikuwa nasema usingizini.

Aliyenifikisha kliniki ni Dokta Sudi. Alikuja na samaki, migebuka mitatu ya kukaangwa, imefungwa kwenye gazeti, akaingia, akaniangalia kwa jinsi tunavyomwangalia mnyama tukifika zizini, kabla ya kumgusa. Akamwambia Mama, "Mama, hii si malaria. Na mimi niliwahi kuwa hivi." Hakueleza zaidi. Alisema tu kwamba hospitali wana siku ya kliniki ya afya ya akili, kila Alhamisi, na kwamba atatupeleka yeye.

Ile Alhamisi ya kwanza nilijifunika mtandio mpaka puani. Benchi la kliniki ile liko kwenye korido inayopitiwa na kila anayekwenda kliniki ya macho na meno, na mimi nilikuwa na hakika kwamba Ujiji nzima inaumwa meno siku hiyo. Pembeni yangu alikaa mama mnene mwenye kapu. Akaniuliza bila salamu, "Wewe umeletwa au umekuja?"

"Nimeletwa."

"Mimi siku ya kwanza nililetwa, nimefungwa kamba. Sasa nakuja mwenyewe, na nikitoka hapa naenda sokoni. Funua uso, utakosa hewa uanguke, watakupeleka mapokezi uanze foleni upya."

Nilicheka. Kicheko kilinishtua, nikaanza kuwaza kama mtu mgonjwa kweli anaweza kucheka, na kama hawezi, basi nimekuja kuwapotezea watu nafasi.

Muuguzi wa kliniki, Sista Ester, ndiye aliyenipokea. Alikuwa na sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya nyanya. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, kazi, na kisha akauliza kama huwa natamani kufa. Nilisema hapana. Halafu nikasema kwamba kama nisingeamka asubuhi nisingeona shida. Akaandika. Akamwita Mama ndani, akamweleza taratibu mbele yangu, akataka begi langu la kazi libaki dukani, dawa zozote zisiwe karibu nami, na nisiachwe peke yangu kwa wiki zile. Tulipofika nyumbani Mama akahamishia godoro lake chumbani kwangu. Asubuhi alimpigia Baba, nikamsikia akisema, "Si malaria. Nilikudanganya. Mwanao ana sonona, na nimeambiwa ni ugonjwa kama ugonjwa." Baba akasema nipewe simu, na nilipoishika akaniuliza nimekula nini. Alipiga kila siku baada ya hapo, na kila siku aliuliza hilo hilo tu. Ukiwa na mgonjwa kama mimi na hujui useme nini, muulize amekula nini.

Vidonge nilivyopewa kliniki havikufanya kazi upesi. Wiki mbili za kwanza vilinikausha mdomo na kunilaza kama gunia, na nilikuwa nasoma karatasi yake ya madhara mstari kwa mstari nikiyapata yote, hata yale ya wanaume. Nilihesabu muda kwa Alhamisi. Alhamisi ya tatu nilimaliza sahani ya ugali. Alhamisi ya sita mvua zilikuwa zinapungua na nilitembea na Mama mpaka ufukweni ambako wanawake wanaanika dagaa, nikakaa juu ya wavu nikitazama tu. Harufu ile nimeikulia na nilikuwa sijaisikia kwa miezi.

Alhamisi ya nane nilimweleza Sista Ester habari za Gaju, na za mbuzi, na zile sauti zizini zikiuliza, atapona, atapona?

"Na unawajibu nini?"

"Zamani nilisema atapona. Baadaye nikawa nasema chinjeni."

"Mimi nimewahi kukuambia utapona?"

"Hapana."

"Nimekuambia nini?"

"Njoo Alhamisi."

"Ehe," akasema, akaandika tarehe kwenye kadi yangu, akaita anayefuata.

Nilibeba maneno hayo wiki nzima nikiyageuza. Nilitaka yawe dawa kamili na hayakuwa. Kwani kila nilipojiona nimesimama tena zizini, niliona shimo nililofukia kwa mguu. Nilijua kwamba nikirudi kazini bila kwenda kwa Mama Tatu, siku ya kwanza tu mikono itatetemeka. Nilimweleza Dokta Sudi.

"Usiende," alisema hapo hapo. "Sikiliza, mimi nakupenda kama mdogo wangu. Lakini ukianza kuomba radhi kwa kila mbuzi, Mwandiga nzima itakuja na madai. Watasema dokta mwenyewe kakiri. Kuna kijiji mimi sipiti mpaka leo, nazunguka. Unazunguka, maisha yanaendelea."

"Unazunguka miaka mingapi sasa?"

Alipanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akasema, "Wakija kunifungia duka, utanitafutia kazi wewe."

Sikujua kama ameniruhusu au amenifukuza. Nilikaa na swali hilo siku nne. Kiangazi kilikuwa kimeanza, vumbi jekundu, na siku ya tano nikavaa buti zote mbili nikaenda.

Mzee Hamisi alikuwa uani anasokota kamba. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza afya, maana habari za ugonjwa zilimfikia. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaongelea hali ya hewa. Nikasema, "Mzee, yule mbuzi niliyewaambia mchinje hakuwa na ugonjwa wa utumbo. Alikuwa amekula pumba. Angepona. Nilipokagua nilijua, nikawaambia mmewahi. Nilidanganya. Na alikuwa na mimba ya watoto wawili, nikaificha."

Aliweka kamba chini. Uso wake ulibadilika taratibu, nikaona hasira ikipanda. "Nikakushukuru," alisema. "Nikakupa ini."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukalibeba."

"Nililibeba."

"Msomi mzima!" Aligeukia mlango wa jiko. "Mama Tatu! Njoo usikie dokta wako anavyosema!"

Mama Tatu alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. "Nimesikia," alisema. "Ukuta wenyewe matope."

"Umesikia na umenyamaza?"

"Nini kipya? Mbuzi nilimpeleka mimi kwa beberu wa kina Saidi. Mimba niliijua mimi. Na tumbo nililiosha mimi, wewe ulikuwa unagawa nyama na sifa. Ndoo nzima ya pumba imetoka mle. Ningeosha pumba nisijue ni pumba?"

Mimi nilishika nguzo ya banda. Miezi yote ile nilikuwa nalinda siri ambayo mwenyewe aliiosha kwa maji ya moto.

"Mama," nilisema, "kwa nini hukusema?"

"Nilisema." Aliniangalia usoni. Hakuwa anatabasamu, na hakuwa na huruma ya Mama Bukuru. "Kabla hajachinjwa nilisema, ameiba pumba. Ulinisikia, niliona umenisikia. Ukaendelea kutazama juu kama unasoma kitu hewani. Mara ya pili ningesema kwa nani?"

Nilisema nisamehe. Nililisema vibaya, na machozi, na kamasi.

"Sawa," alisema, kama mtu anayepokea kitu alichodai siku nyingi na anakikagua kwanza. Mzee Hamisi alitaka kuendelea, Mama Tatu akamwambia, "Wewe tulia, nyama uliila." Kisha akanigeukia. "Umekuja na begi?"

"Sina begi, Mama. Sijarudi kazini."

"Macho unayo. Kuna jike huku nyuma anachechemea mguu wa mbele tangu juzi. Ananyonyesha, sitaki mwenye kisu amsogelee. Njoo."

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Mbuzi alikuwa amesimama kivulini kwa miguu mitatu. Nilichuchumaa, nikaanza kuwaza magonjwa ya kwato, yakaja matatu, manne, nikayaacha yapite. Nikainua kichwa.

"Mama Tatu," nikasema, "wewe unafikiri ni nini?"

Alipandisha kanga yake magotini, akachuchumaa kando yangu. "Shika mguu," alisema, "nikuonyeshe."